Mtani Alipopeleka Posa

"We kaka wa kofia! Njoo unibebee sanduku hili, usisimame hapo kama unapigwa picha."

Octavian aligeuka kulia na kushoto kumtafuta huyo kaka wa kofia. Treni ilikuwa imeingia hivi punde, na stesheni ya Tabora ilijaa watu, magunia, kuku waliofungwa miguu na akina mama wanaonadi karanga za kukaanga. Kofia zilikuwepo nyingi, lakini pama ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kichwani kwake.

Aliyemwita alikuwa msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa vizuri kiunoni, raba nyeupe miguuni, na kilemba kilichoanza kulegea kwa safari. Mbele yake palikuwa na sanduku la bati, godoro lililokunjwa na boksi la zabibu.

Octavian hakuwa mpagazi. Alikuwa mfanyabiashara wa asali, amekuja kupakia ndoo zake ziende Kigoma, na shati lake la drafti lilikuwa limepigwa pasi asubuhi ileile. Lakini sauti ya yule msichana ilimpendeza, hata ikiwa inamwamrisha. Akajitwisha sanduku begani na kulipeleka mpaka nje ya geti.

"Ahsante kaka. Nikupe nini?"

"Kwanza nikuulize, dada. Lafudhi hiyo umeitoa wapi?"

"Mvumi, Dodoma. Mimi Mgogo. Kwani vipi?"

Octavian akalitua sanduku taratibu, akalikalia, akakunja nne na kutabasamu mpaka jino la mwisho. "Mimi Mnyamwezi."

"Mungu wangu! Nimeangukia kwa watani!"

Mtu wa bara hahitaji kuelezwa, lakini huenda wapo wasiojua. Zamani za misafara, Wanyamwezi walibeba mizigo kwenda pwani, na njia ilipita katikati ya Ugogo. Wagogo walikuwa na visima, basi kila msafara ukatozwa hongo kwa ajili ya maji. Ugomvi ule uliishia kwenye kicheko, na kicheko kikawa utani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitu chako na kukuita mke wake mbele ya baba yako. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Babu zenu waliwatoza babu zetu hongo kwa kila kibuyu," alisema Octavian. "Leo sanduku limekamatwa. Likomboe."

"Babu zako walibeba mizigo kwa mabega, wewe unabeba kwa makalio! Ondoka hapo!"

"Hongo kwanza, mke wangu."

"Mke wako nani? Nani aolewe na mla michembe?"

Akamtupia kichane cha zabibu. Octavian alipoinua mikono kukidaka, msichana akamvua pama na kujivika mwenyewe. Bodaboda waliokuwa pale wakashangilia. Ndivyo walivyojuana Octavian, muuza asali wa soko kuu, na Asnath, tabibu wa meno aliyeletwa Tabora na serikali kwa barua ya mistari minne.

Wiki ya kwanza Asnath alilia. Alikuwa amepanga chumba Gongoni, nyumbani kwa Mzee Salmini, mfanyabiashara wa ukoo wa Kiomani ambaye babu zake walikuja na misafara na hawakurudi tena. Alimlilia Fakhria, binti wa mwenye nyumba. Mji ulikuwa na vumbi, maji yalikuwa ya mgawo, na hakumjua mtu. Siku ya tano alijaza fomu ya kuomba uhamisho arudi kwao.

Mwezi wa tatu alikuwa ameshasahau kama aliwahi kujaza fomu.

Kuupenda mji ni kama kuzoea kiti, hujui ulianza lini. Asnath aliamshwa na adhana, akalala tena kidogo, akaamshwa na kengele ya kanisa. Alitembea kwenda kazini chini ya miembe mikubwa ya barabarani, akiwaamkia wazee "Mwangaluka" na kucheka kwa namna walivyomrekebisha matamshi. Alijifunza kula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, ile ile aliyoitukana stesheni, na Fakhria akamfundisha kupika pilau ambalo punje haishikani na punje. Mwezi wa Desemba walikula uyoga mpaka wakachoka.

Na kulikuwa na simu.

"Halo, daktari. Jino linaniuma."

"Lipi, Octavian?"

"La moyo."

"Moyo hauna meno. Ungekuwa nayo ningeshayang'oa, kwa hizo asali unazokula."

"Mimi nauza asali, wewe unang'oa meno. Bila mimi ungekosa kazi. Lini unanishukuru, mke wangu?"

"Nitakushukuru siku utakayooga."

Walizungumza hivyo miaka mitatu. Jumapili Octavian alimchukua kwa pikipiki mpaka Ntalikwa kwa baba yake mdogo, Leodgar, katekista mnene mwenye maneno mengi, ambaye alimpokea kwa matusi mazuri kuliko yote aliyowahi kusikia. Walitoka pamoja, walikula pamoja, na mji mzima uliwajua kama watani. Tatizo lilikuwa hapo. Octavian alimwita mke wangu mara kumi kwa siku tangu siku ya kwanza, na kila mara moyo wa Asnath uliruka, na kila mara akaujibu kwa tusi.

Kisha, mwaka wa tatu, ile fomu ya machozi ikajibiwa. Amehamishiwa Dodoma, aripoti ndani ya wiki mbili.

Angeweza kwenda kuomba barua ifutwe. Alikaa siku nne akisubiri neno moja tu la Octavian, na Octavian naye alikaa siku nne akilitafuta. Siku ya kuondoka, uani kwa Mzee Salmini, mbele ya majirani wote waliokuja kuaga, ndipo alipolipata.

"Asnath, usiende. Utani pembeni, nataka kukuoa."

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Asnath, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Jamani, huyu hachoki!"

Msomaji, usimlaumu upesi. Angejibu ndiyo halafu mwenzake acheke, angeificha wapi sura yake? Alicheka kwa woga. Ndani ya gari alilia kuanzia Tabora mpaka Nzega, na abiria wa pembeni akadhani amefiwa.

Octavian alikaa wiki moja hali wala hanywi chai. Leodgar akamwonea huruma. "Mwanangu, umemposa mwanamke kwa mdomo, tena kwenye kelele. Posa ina utaratibu wake. Andika barua, mimi nitaipeleka kwa baba yake."

Barua ikaandikwa usiku kucha, ikachanwa mara sita, ikaandikwa tena. Leodgar akavaa suti yake ya Pasaka na pama mpya, akasafiri mpaka Mvumi kwa Mzee Eliya, baba yake Asnath. Siku ya tatu akarudi, uso umemshuka.

"Wamekataa, mwanangu. Wamesema hawampi binti yao mla michembe."

Asnath hakuambiwa kitu. Alikuwa kazini mjini, na Mzee Eliya alimpigia jioni ile kumsalimu tu. "Kuna mzee wa Kinyamwezi alipita hapa," alisema, "ametuchekesha mpaka mbavu zinauma." Asnath akacheka kidogo, akaaga, akageukia ukutani. Wanyamwezi ni wengi, na yeye alikuwa anajaribu kuwasahau.

Sasa wewe unajua na wao hawajui. Mwaka mmoja na miezi minne walikaa hivyo, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hakumtaka.

Dodoma ilikuwa njema, lakini mji uliouacha hukufuata kwa mambo madogo. Asnath alimwamkia mgonjwa "Mwangaluka", mgonjwa akamshangaa huku mdomo umejaa pamba. Alizunguka soko zima kutafuta michembe, akaikuta, akaila, haikuwa na ladha. Alipokuwa Tabora aliwasimulia watu habari za Dodoma. Sasa alikuwa Dodoma na hadithi zake zote zilianza na "sisi Tabora", mpaka wenzake kazini wakambandika jina la Mama Tabora.

Ndipo Fakhria akapiga simu.

"Asnath! Naolewa na Musab!"

"Weee! Lini?"

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na usiniletee habari za ruhusa kazini, sikusikilizi."

"Nakuja, shoga yangu, hata kwa miguu."

"Uje haraka basi, maana mpagazi wako anatafutiwa mchumba. Baba yake mdogo anakwenda kule Choma Jumatatu baada ya harusi, kuna familia anataka kuiulizia."

"Si mpagazi wangu," alisema Asnath.

"Haya. Basi njoo ule pilau."

Alifika Alhamisi. Ijumaa asubuhi, kabla wanawake hawajaanza kupaka hina, alitoka peke yake kuuangalia mji. Alivaa gauni la bluu la mikono mifupi na hereni ndogo za dhahabu, na alijiambia kwamba hakujipamba kwa ajili ya mtu. Alitaka kuona kila kitu. Duka la mshona viatu lilikuwa limegeuzwa wakala wa simu. Mwembe mmoja wa pembeni mwa njia yake ya kazini ulikuwa umekatwa, na alisimama pale akiwa na hasira kana kwamba walipaswa kumwomba ruhusa. Kwenye kiti chake cha kung'olea meno alikaa kijana mpya mwenye miwani, hodari, anayependwa na wagonjwa. Muuza uyoga alimkumbuka na kumkumbatia. Muuza nyanya hakumkumbuka kabisa. Hapo akaelewa kwamba mji hauwekei mtu nafasi yake, na hilo lilimuuma kuliko mwembe.

Miguu ikamfikisha soko kuu, upande wa asali. Sikuambii kwamba ilikwenda yenyewe, maana ungemcheka.

Octavian alikuwa ameinama anachuja asali, shati jeupe, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Pembeni yake Leodgar amekaa juu ya kigoda, anakula mhindi wa kuchoma. Asnath akavuta pumzi, akaweka mkono kiunoni.

"We mpagazi! Bado hujafa?"

Octavian akainua kichwa. Rangi ilimtoka, kisha ikarudi. Akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Karibu Tabora, dada yangu," alisema. "Habari za safari? Wazazi hawajambo?"

Asnath alihisi ardhi inamkimbia. Dada yangu? Wazazi hawajambo? Mnyamwezi huyu hajawahi kumwuliza habari za wazazi bila kutaja jinsi walivyo wachoyo wa maji. Angemtukana ukoo mzima angefurahi. Heshima ile ilimchoma.

"Octavian, mbona hunitanii?"

"Mtu akishajibiwa hunyamaza, dada."

"Ulijibiwa nini?"

"Usinifanye nirudie, Asnath. Kwenu walishasema. Nimekubali. Harusi ya Fakhria ikiisha utakwenda zako, na mimi nitaendelea na maisha yangu."

"Nani alisema? Alisema nini?"

Leodgar akaweka mhindi chini. "Binti, sisi tulikuja Mvumi. Mimi, kwa miguu yangu. Nilipeleka barua ya posa mkononi mwa baba yako."

Asnath alimtazama yule mzee, akamtazama Octavian, akatoa simu kwenye mkoba. Akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Wapagazi wamekupokea vizuri?"

"Baba, mwaka jana kuna Mnyamwezi alikuja nyumbani?"

Kicheko kikapasuka kwenye simu mpaka muuza dagaa wa jirani akageuka. "Yule mnene! Ah, yule fundi! Tulimnyang'anya kofia. Tukamwambia binti yetu hatumpi mla michembe. Akasema atakubeba begani mpaka Tabora kama mzigo wa chumvi! Mama yako nusura azimie."

"Alileta barua?"

"Barua nzuri ajabu. Niliisoma mbele ya watu, wakapiga makofi. Nimeihifadhi kwenye Biblia."

"Baba, ile barua ilikuwa ya kweli."

Kwenye simu akasikika jogoo wa Mvumi, peke yake.

"Ya kweli vipi?"

"Alikuja kuposa, baba."

"Sasa mbona alikuwa anatania?"

Leodgar hakuweza kujizuia, akaiinamia simu. "Mlianza nyinyi!"

"Lazima tuanze sisi! Tulingoja unyamaze! Mtu wa posa hunyamaza, ndipo tujue ana jambo!"

"Nami nilingoja mnyamaze nyinyi! Ninyamaze mimi, natukanwa na Mgogo, halafu nirudi Tabora niseme nini?"

"Mkaidi wewe!"

"Mchoyo wa maji!"

"Baba!" Asnath alipiga kelele. Watu kumi walikuwa wameshazunguka meza ya asali, na wengine walikuwa wanaulizana kuna nini.

Mzee Eliya aliposema tena, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama Asnath, hebu zima redio. Mwanangu, unanisikia? Tulipaswa kukuita. Posa ikija, binti huitwa, huulizwa. Sisi tuliona mchezo, hatukukuita. Hilo kosa langu, si la mwingine. Na sasa sikuulizi, maana jambo hili haliulizwi kwenye simu wala sokoni. Kama huyo kijana bado anataka, alete mtu mwingine. Lakini asimlete mtani. Nimekuomba, asimlete mtani."

Simu ikakatika. Hakuna aliyecheka. Leodgar aliokota mhindi wake, akautazama, akasema kwa sauti ndogo, "Choma sijamwahidi mtu. Nilikuwa nakwenda kuulizia tu." Kisha, kwa busara iliyochelewa mwaka mmoja na miezi minne, akawafukuza watazamaji na yeye mwenyewe akaondoka nao.

Wakabaki wawili, meza ya asali katikati yao, na nyuki watatu wanaoranda juu ya mfuniko.

"Bado unataka?" Asnath aliuliza.

Octavian akawapunga nyuki kwa kitambaa. "Nimezoea kukwambia nikiwa nacheka," alisema. "Sasa sijui nianzie wapi."

"Anzia popote. Sicheki."

"Nakupenda." Jasho lilikuwa linamtoka. "Siku ile uani sikuwa natania. Siku nyingi sikuwa natania. Ulipocheka nilitaka kufa, Asnath. Nikapeleka barua, nikaambiwa hapana, na bado kila treni ikiingia naenda stesheni hata nikiwa sina mzigo. Nataka uwe mke wangu. Kweli kweli, kanisani, mbele ya watu."

Machozi yalimtoka Asnath, na safari hii hakuyafuta kwa kicheko. "Nilicheka kwa sababu niliogopa wewe ndiye utakayecheka. Nakupenda, Octavian. Dodoma nilidhani naukumbuka mji. Asubuhi nimeuzunguka wote, kila kona niliyoikumbuka, nikawa naona barabara tu. Halafu ukaniita dada yangu, ndipo nikajua mimi ni mgeni hapa."

"Si mgeni."

"Basi nirudishe."

Octavian akazunguka meza. Muuza dagaa akajifanya anapanga dagaa wake.

Jumamosi Fakhria aliolewa, amevaa gauni la rangi ya krimu lililotariziwa nyuzi za fedha, hina imempanda mpaka kwenye viwiko, na alicheza vibaya kwa furaha. Asnath aliramba hata sahani. Octavian alikaa upande wa wanaume, na kila alipotazamwa na Asnath kupitia mlangoni alipitisha mkono kichwani kutafuta kofia asiyokuwa nayo. Jioni, wageni walipopungua, wawili hao walikwenda kumpigia magoti Mzee Salmini.

"Mimi?" alisema mzee. "Niende Ugogo na barua ya Mkatoliki?"

"Wewe huna utani na Mgogo, baba," alisema Fakhria. "Wala na Mnyamwezi."

Mzee Salmini alifikiri. "Wazee wangu walifanya biashara na wote wawili, na wote wawili waliwasumbua," alisema. "Lakini hakuna aliyewahi kuwachekesha. Haya. Nitakwenda."

Wiki mbili baadaye alikaa sebuleni Mvumi, kanzu nyeupe, koti jeusi, bakora mapajani. Wazee wanane wa Kigogo walikaa kumzunguka, midomo imefungwa. Mmoja alijaribu kukohoa kwa namna ya kuchekesha, Mzee Eliya akamtazama, akaacha. Maji yakaletwa, mgeni akanywa. Akatoa bahasha mfukoni, akaieleza safari yake kwa maneno machache yaliyonyooka, akaiweka juu ya kitambaa cheupe mezani. Hakuna aliyeigusa.

"Mwiteni Asnath," alisema Mzee Eliya.

Akatoka jikoni na mama yake, vitenge viwili vya rangi moja, amejifunga kichwa vizuri. Akapiga goti mlangoni. Nyumba nzima ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia bakora ya Mzee Salmini ikigusa sakafu.

"Mwanangu," alisema baba yake. "Mgeni huyu ametoka Tabora. Ameleta barua. Safari iliyopita hatukukuuliza. Leo nakuuliza mbele ya wazee wako wote. Aliyemtuma unamjua? Tuipokee, au tuirudishe?"

Asnath alimtazama baba yake usoni. Alikuwa na majibu kumi ya kuchekesha kwenye ncha ya ulimi, akayaacha yote.

"Namjua, baba. Ipokeeni."

Mzee Eliya akanyoosha mikono yote miwili, akaichukua barua.